Paneli za Asubuhi, Paneli za Jioni

Neno nililomfanyia nalo baba yangu ubaya lilikuwa fupi kweli: "Mchoro nilimpa." Nimelipima baadaye kwa kila namna, kama mtu anayetafuta pa kutokea, na ukilichukua peke yake halina uongo ndani. Mchoro niliuchora mie, nikamkabidhi mie, mkononi, siku ya kufunga sola. Ila nililisema mahali ambapo kila aliyelisikia angeelewa kwamba mzee hakuufuata, na nililisema nikijua wataelewa hivyo. Basi. Limeshatoka, sasa nieleze.

Baba yangu ni fundi umeme, Temeke. Alitoka Lindi kijana, kazi akaipata mikononi mwa mafundi wenzake, na cheti hana mpaka leo. Alichokuwa nacho ni jina. Jina lenyewe silitaji hapa, nilishalichezea vya kutosha. Mtaani kwetu mtu akisafiri alimwachia yeye ufunguo, aingie, abadilishe nyaya, afunge mlango aondoke, na mwenye nyumba akirudi hahesabu vijiko. Wanawake waliokuwa peke yao mchana walimfungulia mlango wakaendelea kukaanga samaki wao, jambo ambalo kwa fundi mwingine wasingethubutu. Mie nilikua nikiitwa "mtoto wa fundi", na nilikuwaga nasikia raha, maana ukitajwa hivyo dukani unahudumiwa kwanza.

Yeye ananiita "mama". Nimerithi jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hajawahi kunitaja jina hata siku moja, hata akiwa amekasirika. Nilipovunja redio ya jirani nikiwa darasa la pili alisema, "Mama, sasa hii tutaifanyaje?" Tukakaa chini tukaitengeneza. Jirani mpaka leo hajui.

Nikasoma, nikaingia chuo, nikachukua umeme. Kwenye mahafali baba alikuja na koti ambalo sijui alimwazima nani, mikono ya koti imeishia vidoleni, na aliponiona na kofia yangu ile alicheka mpaka akafuta macho. Nikapata kazi kwenye kampuni ndogo inayofunga sola, nikapanga Kimara, nikaanza kutembea huku naongea na simu kama watu wenye mambo mengi. Kichwa kilinivimba, sikatai. Jumapili nikienda Temeke kumwamkia mzee, nilikuwa namweleza waya gani haufai siku hizi, swichi gani zimepitwa na wakati. Namweleza kwa sauti, kama vile sebule nzima inanisikiliza. Yeye anasema "Ahaa," ananimiminia chai.

Sasa kulikuwa na mteja wake mmoja wa miaka mingi, mjane wa ukoo wa Kiarabu, duka mbele nyumba nyuma, mitaa miwili kutoka kwetu. Ukoo wao wana duka pale tangu kabla baba hajafika mjini. Sote tunamwita bi mkubwa. Alikuwa na friza mbili: samaki, kuku, maziwa, na barafu za ukwaju ambazo mtaa mzima tumezinyonya. Umeme ulipozidi kukatika akamwambia baba anataka sola. Baba akamjibu, "Hiyo elimu anayo binti yangu. Nitakuletea." Angeweza kuifunga mwenyewe, alishafunga ndogondogo nyingi tu. Akanileta mie.

Siku ya kwanza nilifika na kompyuta yangu begani. Nikazunguka nyumba, nikapiga picha, nikapima. Paa lake ni la bati, lina pande mbili: upande mmoja unatazama Kigamboni, jua linapochomoza, na wa pili unatazama Pugu, linapozama. Paneli kumi na mbili, sita huku, sita huku. Mpaka hapo hakuna tatizo.

Tatizo ni namna ya kuziunga. Paneli huungwa moja nyuma ya nyingine, waya wa hii unaingia kwenye ile, na hizo zilizoungana mafundi tunaziita mstari. Inveta yetu, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, ilikuwa na milango miwili, kwa hiyo mistari miwili, kila mmoja paneli sita. Swali lilikuwa moja: zipi ziungwe na zipi?

Mie nikaamua kila mstari upate paneli tatu za upande wa Kigamboni na tatu za upande wa Pugu. Niliona nimefanya jambo la haki kabisa, mistari iwe sawa, kila mmoja upate jua la asubuhi kidogo na la jioni kidogo. Kwenye kompyuta nikajumlisha jua la pande zote mbili, nikagawa kwa mbili, nikaujaza huo wastani saa baada ya saa. Likatoka umbo zuri, la mviringo, linapanda taratibu na kushuka taratibu. Nikalichapa kwa rangi. Nikampelekea bi mkubwa alione, nikamwambia, "Friza zote mbili, mchana na usiku, usiwe na wasiwasi."

Siku ya kufunga tulipanda mie na baba. Nikampa mchoro. Akaukunjua juu ya goti, akaupitisha kidole, akarudi mwanzo akaupitisha tena. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ya watu wawili:

"Mama, hizi za Kigamboni zinaamka mapema. Za Pugu zinaamka mchana. Kwa nini usiweke za asubuhi na za asubuhi, za jioni na za jioni?"

"Baba, nimechukua wastani."

"Ahaa. Ushawahi kuwaangalia watu wanaomwaga zege? Wale wanaopokezana makarai? Mstari mzima unakwenda kwa mwendo wa yule mmoja aliyechoka. Weka wenye nguvu watano, watasimama na karai mkononi wakimsubiri yeye."

Hapo bi mkubwa akatoka uani na jagi la juisi. Dukani kulikuwa na watu wawili watatu wanangoja chumvi na vocha. Akapaza sauti, "Vipi huko juu, mnagombana?"

Nami nikamjibu kutoka juu ya bati, nacheka, ili na wale wa dukani wasikie: "Mzee anataka kunifundisha sola kwa zege, bi mkubwa!"

Wakacheka wote. Bi mkubwa alicheka kwa mapenzi, kama mtu anayefurahia mtoto wa mwenzake kuwa na mdomo. Baba naye akacheka kidogo. Akaukunja mchoro, akautia mfuko wa shati, akaniomba koleo. Kisha akaunga kama nilivyochora, kiungo kwa kiungo. Nilikagua mwenyewe kimoja baada ya kingine na hakuna alipokosea.

Baada ya wiki mbili akanipigia simu. "Mama, tupitie kule kwa bi mkubwa siku moja. Mie na wewe tu." Nikamwambia niko bize. Akapiga tena, nikasema mwisho wa mwezi. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama kituoni Kimara, jua kali, sina hali, nikamjibu vibaya: "Baba, mfumo unafanya kazi, mwache mteja wa watu apumzike." Akasema, "Haya mama." Hakupiga tena.

Bi mkubwa mwenyewe alikuwa ananitumia ujumbe. "Mwanangu, asubuhi inachaji kidogo mno." Wiki nyingine: "Mchana nzuri, saa kumi imelala tena." Na mie mwenye elimu yangu nikamjibu nini? "Futeni vumbi kwenye paneli." Loo! Yule mama wa watu akaajiri mtu wa kuzifuta kila Ijumaa. Kila Ijumaa zinang'aa, na kila jioni saa kumi zinalala.

Ikafika hitma ya mwaka ya marehemu mume wake. Ng'ombe akachinjwa siku mbili kabla, nyama ikasafishwa, ikajazwa kwenye friza zote mbili. Siku hiyohiyo umeme ukakatika mtaa mzima na haukurudi. Hapo ndipo sola ilipotakiwa kuonyesha kazi yake. Lakini betri zilikuwa zinakula chaji mchana tu, saa chache, halafu zinatakiwa kulisha friza mbili mpaka kesho yake. Siku ya kwanza zikajikongoja. Ya pili zikakata pumzi na hakuna aliyejua, kwa sababu watu waliambiwa wasifungue friza ovyo.

Asubuhi ya hitma nilikuwa pale mapema, nimealikwa, nimekaa na kina mama namenya vitunguu saumu. Baba alikuwa upande wa pili na wanaume, wanapanga mafiga ya kubandikia sufuria za pilau. Bi mkubwa akaenda kufungua friza. Harufu ilitangulia, hata hakuhitaji kusema. Alitoka akakaa kwenye kizingiti, mtandio umemwangukia mabegani, hakuurudisha kichwani. Akasema tu, "Nyama ya watu. Nyama ya marehemu."

Kaka yake, aliyekuja na familia kutoka Kigamboni, ndiye aliyepandwa na hasira. "Nani kafunga hii sola?" Watu wakamwangalia baba. Akaendelea, na hakupunguza sauti: fundi wa mtaani ni wa mtaani tu, mtu ambaye hajakaa darasani anapewaje vitu vya kompyuta, dada yake amekuwa mwepesi mno wa kuamini watu. Baba alikuwa amesimama na figa mkononi, amelishika kama mtu aliyesahau alikuwa analipeleka wapi. Kisha yule bwana akanigeukia mie, na kwangu akalainisha sauti. "Sista, si wewe ndiye injinia? Hii kitu imefungwa kama ulivyosema?"

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa "Ndiyo." Ndiyo, imefungwa kama nilivyosema. Neno moja tu, na mambo yote yangegeuka yakanielekea mie, na karatasi yangu ya rangi, na "usiwe na wasiwasi" yangu. Nililiona lile neno. Nikaona na nyuso zile zote, nikaogopa. Nikasema:

"Mchoro nilimpa."

Walikuwapo watu kumi na wanne pale uani. Niliwahesabu baadaye, kichwani, zaidi ya mara moja. Bwana yule akasema "Aaa," ile ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Kina mama wakarudi kwenye vitunguu vyao kwa haraka, wakinionea huruma mie, eti nina baba mbishi. Baba akaniangalia mara moja. Akaweka figa chini. "Mnisamehe sana," akasema, kwa wote.

Nyama nyingine ikatafutwa, hitma ikasomwa, watu wakala. Baba alibaki mpaka mwisho, akasugua masufuria pamoja na wengine. Mie niliondoka kabla ya sahani kuondolewa. Nilisema nina kazi Kimara. Sikuwa na kazi Kimara.

Jina haliondoki siku moja. Kwanza nyumba moja ikaita fundi mwingine, labda kwa sababu baba alikuwa amechelewa. Kisha ya pili. Kisha nikasikia mtu amesafiri na ufunguo ameuacha kwa muuza genge. Baba wakamwachia pasi na feni, vitu ambavyo ukiharibikiwa unaweza kutupa. Akatoa meza nje ya nyumba, akawa anakaa hapo na miwani yake. Nilipomuuliza kazi vipi alisema, "Zipo, mama, siku hizi nakaa kivulini." Nami nikafanya kama nimeamini. Nikapunguza kwenda. Jumapili zikawa za mwezi kwa mwezi. Moyoni nilijiambia labda kweli kuna kiungo kililegea baadaye, labda waya, labda panya. Nilikuwa tayari kumsingizia panya, jamani, ilimradi nisiuangalie ule mchoro.

Ikapita miaka miwili kasoro. Kazini tukapata ghala moja lenye paa la pande nyingi, na bosi akaniambia safari hii wastani hautoshi. Alitaka kila paneli ipewe jua lake yenyewe, saa kwa saa, tuone mistari itakavyokwenda pale jua lisipopiga sawa. Nilikaa na kazi ile wiki nyingi. Nilitengeneza programu kutoka mwanzo, nikaiambia ukweli mmoja ambao chuoni tulifundishwa wiki za mwanzo kabisa na mie nikajibia mtihani nikapata: ndani ya mstari mmoja umeme unaopita ni uleule, na paneli inayopata jua dogo ndiyo inayowapangia wenzake. Ukiilazimisha, inarukwa, na hapo mstari mzima unapungukiwa nguvu ya kusukuma, inveta inazima.

Programu ikiisha lazima uijaribu kwa paa unalolijua. Nikafikiri paa gani mie nalijua tabia yake saa kwa saa. Nililijua moja tu. Ujumbe wa bi mkubwa ulikuwa bado kwenye simu.

Nikaingiza paneli kumi na mbili. Sita za Kigamboni, sita za Pugu, zimeungwa tatutatu kama mchoro wangu. Nikabonyeza. Lile umbo la mviringo halikutoka. Kilichotoka ni kitu chembamba kimesimama katikati ya mchana peke yake, huku na huku pamelala. Nikaweka simu pembeni ya skrini nikasoma: "Saa kumi imelala tena." Nikaangalia saa kumi kwenye skrini. Imelala.

Kisha nikabadilisha kitu kimoja. Asubuhi na asubuhi, jioni na jioni. Pakajaa. Asubuhi mstari mmoja unachapa kazi, jioni wa pili unapokea, na betri zinakula kutwa.

Wenzangu walikuwa wameenda kula. Mie nilikuwa nimeletewa chipsi mayai, zikapoa mbele yangu mpaka mafuta yakaganda. Nilifunga kompyuta ghafla kama kuna mtu amesimama nyuma yangu. Kukosea hesabu si kitu, kila siku nakosea na kufuta. Kilichoniwasha uso ni zege. Wiki zote zile nimejenga programu, na kumbe nilikuwa najenga makarai ya baba yangu. Alinieleza kwa sentensi nne, nikamchekesha nazo mteja.

Jumamosi nikaenda Temeke. Na hata hapo angalia woga wangu: sikwenda kwa baba kwanza. Nilikwenda kwa bi mkubwa, kwa sababu kuungama kwa yule niliyemkosea kidogo kulikuwa kwepesi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umetutupa." Alikuwa anapima unga.

Nikamwambia palepale, nimesimama, kabla sijabadili nia. "Nimekuja kwa ile sola. Siku ya hitma. Kosa halikuwa la baba. Mchoro wangu ndio uliokuwa mbovu, na yeye aliunga vilevile nilivyochora."

Akaweka chini kopo la kupimia. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, yale yamepita. Baba yako mwenyewe alikuja akanieleza."

"Alikueleza nini?"

"Alikuja siku ya tatu baada ya hitma, ngazi begani, peke yake. Akaniambia, bi mkubwa, binti yangu alichora sawasawa, mie ndiye niliyeunga ovyo, macho yamechoka. Nipe ruhusa nirekebishe. Akashinda huko juu na jua lile. Alipokuwa anashuka nilimwonea imani, miguu inamtetemeka. Lakini tangu siku hiyo friza hazijazima."

"Bi mkubwa, alikudanganya."

"Baba yako hadanganyi," akasema, na kwa mara ya kwanza akanikazia macho. Halafu akalegea tena. "Nimekuelewa. Unamsitiri mzee wako. Mtoto mwema wewe. Mungu akujalie na wewe uzae kama wewe."

Nikafungua kompyuta juu ya meza ya duka, katikati ya sukari na viberiti, nikamwonyesha mistari, hii ya kwanza, hii ya pili, tazama saa kumi. Akatazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. "Haya mwanangu, nimekuelewa," akarudia. Ukiambiwa hivyo mara mbili, mazungumzo yamekwisha. Akanifungia halua kwenye karatasi nimpelekee baba. Nilikwenda kujishtaki, nikaondoka nimeombewa dua. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, ya kusifiwa.

Kabla ya kuondoka nilimwomba nipande juu. Nyaya zote zilikuwa zimepangwa upya, zimefungwa kwa utaratibu wake. Kwenye vyuma vya upande wa Kigamboni baba alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito, herufi zake kubwa zinazolala kushoto: ASUBUHI. Upande wa Pugu: JIONI. Na karibu na pale nyaya zinapoingia ndani, kwa fundi yeyote atakayekuja baada yake: USICHANGANYE.

Nilimkuta baba mezani kwake, feni imefunguliwa tumbo mbele yake. Nikamwamkia, nikampa halua, nikavuta kigoda nikakaa. Nikamweleza yote, programu, duka, dua niliyoombewa. Nilipofika kwenye dua alicheka. Mie nilikuwa nalia, yeye anacheka.

"Baba, ule mchoro ulikuwa mbaya."

"Najua."

"Nitawaendea wote. Yule kaka yake wa Kigamboni, majirani, mmoja mmoja. Niwaambie."

"Uwaambie nini? Kwamba fundi ni muongo?" Akapuliza vumbi ndani ya feni. "Acha, mama. Hata wakiniita, magoti haya hayapandi tena. Tangu paa lile yamekataa kabisa."

Kwa hiyo paa la mwisho alilopanda baba yangu ni lile alilokwenda kunirekebishia. Kisha hasira ikanipanda, hasira ya mtu aliyekosa wa kumkasirikia, nikamgeukia yeye.

"Sasa kama ulijua, kwa nini uliunga vile? Si ungekataa!"

"Nilisema tutairudia, mie na wewe, siku hakuna watu. Ndiyo maana nikawa nakupigia. Sikujua kama hitma ingetuwahi."

"Ungekataa palepale, baba! Juu palepale! Ungesema mie siungi upuuzi huu!"

Akainua kichwa. Alikuwa ameshangaa kweli, si kwamba alitaka kunisuta.

"Mbele ya watu, mama?"

Siku ile ya kufunga watu wenyewe walikuwa bi mkubwa na jagi lake, na wawili watatu wanaongoja chumvi na vocha. Kwa ajili ya hao alikunja mchoro wangu, akainama, akaunga vibaya kwa mikono yake mwenyewe, akijua. Mie, siku ya hitma, nilikuwa na watu kumi na wanne.